KILWA SI YA WAGENI PEKE YAO

Neno "mtalii" limepata maana finyu sana katika nchi yetu. Muulize mtu ye yote katika soko la Ifakara, au mkata miwa wa Kidatu, au mkulima wa mpunga wa Mngeta, mtalii ni nani. Atakujibu bila ya kusita kuwa ni mgeni kutoka Ulaya, aliyening'iniza kamera kifuani, apitaye kwa gari kwenda Mikumi au kupanda milima ya Udzungwa. Hatakwambia hata siku moja kuwa mtalii aweza kuwa yeye mwenyewe, au mkewe, au mwanawe asomaye sekondari. Sisi twaona kuwa jambo hili si dogo. Watu wasiozuru nchi yao huwaachia wengine kazi ya kuijua. Na wale waijuao ndio wanaoieleza, na wale waielezao ndio wanaoamua nini ndani yake kina thamani na nini hakina.

Kwa hiyo leo twataka kuwaomba ndugu zetu wa bonde la Kilombero, wanachama na wafanyakazi wa mashamba, viwanda, reli, hospitali na mashule, wafikirie safari moja. Hatusemi safari ya kuwatazama wanyama, ingawa hiyo nayo ni njema. Twasema safari ya kwenda kuutazama mji: Kilwa Kisiwani.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo katika Mkoa wa Lindi, kilichotengwa na mji wa Kilwa Masoko kwa mkono mwembamba wa bahari. Wakazi wake leo wengi ni wavuvi. Lakini kati ya karne ya 13 na ya 15 palikuwa na mji uliokuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Dhahabu ya bara ya Zimbabwe ilishuka mpaka Sofala, katika nchi iitwayo leo Msumbiji, na kutoka Sofala ikaletwa Kilwa. Pembe za ndovu nazo zilifika. Kutoka ng'ambo zikaja nguo, shanga, na vyombo vya kaure vya China. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na sarafu hizo zimeonekana mahali pa mbali mno: moja katika magofu ya Great Zimbabwe, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akauhesabu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Sultani huyo ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu, ambao matao na kuba zake zingali zikionekana hata leo. Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa juu ya mwamba ukabilio bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pembe nane. Mwaka 1505 Wareno waliokuwa chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji wakaupora, wakajenga ngome. Biashara ya dhahabu ikatoka mikononi mwa wenyewe, na mji haukurudia tena ukubwa wake wa kwanza.

Katika karne zile zile, mbali kaskazini, kando ya bahari ya Baltiki, ilikuwako miji mingine ya wafanya biashara: Lübeck katika Ujerumani, Gdańsk katika Poland, Riga katika Latvia, na Tallinn katika Estonia. Miji hiyo ilifungamana katika umoja ulioitwa Hansa, ikapelekeana chumvi, samaki, nafaka, nta na manyoya. Mtu azuruye Tallinn leo huonyeshwa ukuta wa mawe wa zamani, na jumba la baraza la mji lililomalizika mwaka 1404, na duka la dawa lililotajwa katika maandishi ya mwaka 1422 ambalo hadi leo lauza dawa. Watu wa nchi ile hawaoni ajabu kupita mahali hapo. Mtoto hupelekwa na mwalimu wake, mfanyakazi hupita siku ya mapumziko pamoja na jamaa zake.

Na tusidhani kuwa mji wao una heshima kuliko wetu. Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara viliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Lübeck uliandikwa mwaka 1987, na mji wa kale wa Tallinn mwaka 1997. Kilwa ilitangulia. Tofauti iliyopo haimo katika mawe, bali katika miguu ya watu. Mji wa Tallinn unakanyagwa na wenyewe. Kilwa yetu wengi wetu tumeisoma katika kitabu cha darasani, tukaifanyia mtihani, tukaifunga pamoja na kitabu.

Kisa cha Gdańsk chafaa kutajwa hapa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya mji huo wa kale ilikuwa kifusi kitupu. Wapoland wangaliweza kusafisha uwanja na kuanza upya. Badala yake walizijenga tena nyuso za nyumba kwa mfano wa zamani, na ndani yake wakazipanga jamaa za wafanyakazi. Mji uliokuwa wa matajiri wa Hansa ukawa makao ya watu wa kazi, na historia ikabaki mahali pake. Watu hawafanyi kazi kubwa namna hiyo kwa ajili ya kitu wasichokijua.

Sasa mtu wa kazi atakwenda kuona nini Kilwa? Ataona kazi. Hilo ndilo jambo ambalo vitabu vingi havilisemi vya kutosha. Vitabu hutaja masultani, lakini sultani hakubeba jiwe. Jiwe la tumbawe lilikatwa baharini likiwa bado bichi na laini, likachongwa kwa ustadi, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kupanga lundo kubwa la kuni, kuweka vipande vya matumbawe juu yake, na kuyachoma mpaka yakawa unga. Palihitajika mkata kuni, mzamia mawe, mchomaji, mchongaji, mwashi na mbeba maji. Mtu ambaye amepata kushika mwiko au kusimamia tanuri la matofali pale Ifakara atautazama ukuta wa Msikiti Mkuu kwa jicho ambalo profesa hana.

Na liko jambo jingine limhusulo mtu wa Kilombero hasa. Nyumba za mawe za pwani ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba na virefu. Msitu mkubwa wa mikoko katika Afrika ya Mashariki uko katika delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa, na kutoka huko boriti zilikatwa kwa karne nyingi na kupelekwa pwani nzima na hata Uarabuni. Sasa delta hiyo hulishwa na nini? Hulishwa na maji na tope ya mto Rufiji. Na mto Rufiji ni nini, kama si Kilombero na Luwegu zilizokutana? Karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde letu. Udongo utokao katika mashamba yetu na miteremko yetu ndio ulioiotesha mikoko ile. Mwenyeji wa Ifakara akisimama Kilwa, asijione amekwenda nchi ya watu. Mto wake ulitangulia kufika pwani hiyo.

Wako watu watakaotupinga, na ni haki tuwajibu.

Wa kwanza watasema: Mtu mwenye njaa hali magofu. Mkulima ana deni la mbolea, mfanyakazi ana karo za watoto, na ninyi mwamwambia habari za kutalii! Twakiri kuwa safari ina gharama. Kutoka Ifakara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni kama 300 nyingine. Kisha kuna mashua, chakula na mahali pa kulala. Kwa mtu mmoja peke yake mzigo huo ni mzito. Lakini tujiulize kwa kweli: je, ni fedha tu inayotuzuia? Tunachangiana kwa maelfu mengi katika harusi, na katika sare za harusi zitakazovaliwa siku moja. Hatusemi harusi ziachwe. Twasema kuwa watu wawezao kuchangiana kwa karamu ya usiku mmoja waweza pia kuchangiana kwa safari ya siku nne ambayo watoto wao wataikumbuka maisha yao yote. Chama cha kuweka na kukopa, tawi la chama cha wafanyakazi, shule pamoja na wazazi: kila kimoja chaweza kuweka akiba kidogo kila mwezi, na baada ya mavuno ya mpunga, wakati wa kiangazi, kikakodi basi moja. Basi lililojaa hupunguza nauli ya kila mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wa pili watasema: Kilwa si historia yetu; ni historia ya Waarabu na Washirazi, na tena ni historia ya utumwa. Hoja hii ni nzito zaidi, nasi hatutaki kuikwepa.

Kuhusu nani aliyeujenga mji: hadithi ya zamani ya Kilwa yasema kuwa Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Ni hadithi nzuri. Lakini wachimbuzi waliochimba Kilwa, na wa kwanza kuchimba kwa mapana alikuwa Neville Chittick katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya 1960, walikuta chini ya kuta za mawe dalili za nyumba za miti na udongo za wakazi waliotangulia. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo. Walikuta kuwa tangu kama mwaka 1000 watu wa miji hiyo walikuwa wa damu iliyochanganyika: upande wa mama karibu wote wa Kiafrika, na upande wa baba wengi wenye asili ya Uajemi. Basi hadithi ya wazee haikuwa uongo mtupu, wala wale waliosema kuwa pwani ilijengwa na wageni hawakusema kweli. Mama wa mji ule walikuwa wa hapa, na lugha iliyosemwa ndani ya nyumba ikawa hii tunayoiandika.

Kuhusu utumwa: ni kweli, na isifichwe. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa mmoja aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, iliyoko bara, ilikuwa mlango mkubwa wa kuwatolea watu wa kusini. Hata katika zama za fahari ya dhahabu, tusisahau kuwa mmoja alikaa katika vyumba zaidi ya 100 na wengine wakakaa katika vibanda vya udongo. Lakini mtu hatoroki historia mbaya kwa kukataa kuitazama. Mwana wa mkulima ahitaji kuoneshwa jumba, kisha aulizwe: Nani aliyechota maji ya birika hili? Somo hilo halifundishiki vizuri ubaoni.

Na ipo historia nyingine ya Kilwa ambayo Kilombero hawawezi kusema si yao. Mwezi Julai 1905 watu wa vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, waliokuwa wakishurutishwa na Wadachi kulima pamba, waliing'oa pamba hiyo, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kabla ya miezi miwili kwisha, habari na dawa ya maji zilikuwa zimefika kwetu. Tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Mahenge, wakauawa kwa wingi na bunduki za rashasha. Leo mtu huvuka mto Kilombero kwa daraja la mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, akafika Mahenge bila ya kungoja kivuko. Wapo wanaovuka kila wiki na hawajapata kuwaeleza watoto wao kuwa moto ule uliowaka Mahenge uliwashwa karibu na Kilwa. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee.

Sasa tuseme juu ya wajibu wa wenye mamlaka, kwa maana si haki kumwambia mwananchi asafiri kisha asipate pa kukanyaga.

Mwaka 2004 UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa ikila ufuko, sehemu ya ukuta wa Gereza imeanguka, na mizizi ya miti ikipasua kuta. Serikali pamoja na wafadhili wa nje walifanya kazi; kuta zikashikizwa, mikoko ikapandwa kuzuia mawimbi, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha hiyo. Kazi hiyo yastahili kusifiwa. Lakini bahari haipumziki, na ukuta uliotengenezwa mara moja huhitaji kutengenezwa tena. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizobomoa madaraja katika sehemu za Somanga, na barabara ya kwenda Kilwa na Lindi ikakatika. Mji wa kale hauwezi kuzuriwa kama barabara yake haiwezi kustahimili masika.

Twaona mambo manne yapaswa kufanywa. Kwanza, maandishi yote katika magofu yawe kwa Kiswahili kizuri na kikamilifu, si mistari miwili chini ya aya ndefu za lugha ya kigeni. Pili, waongozaji wawe wenyeji wa kisiwa waliofundishwa vizuri na kulipwa vizuri, kwa sababu mvuvi wa Kilwa ndiye anayekaa na mawe hayo usiku na mchana. Asipoona faida yake, kwa nini ayalinde? Tatu, mashua za kuvusha watu zikaguliwe, na kila abiria apewe jaketi la kuokolea, awe mgeni au mwananchi. Nne, kiingilio cha mwananchi, na hasa cha mwanafunzi, kiendelee kuwa kidogo, na kitangazwe mpaka vijijini ili watu wajue. Magofu hayo sasa yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Hatuna ugomvi na mpango huo, mradi isisahauliwe kuwa ukuta wa mwaka 1320 hautunzwi kwa maarifa ya kumtunza nyati; wahitaji mwashi ajuaye chokaa.

Katika miaka ya karibuni meli za watalii zimekuwa zikitia nanga Kilwa, na fedha zao zinakaribishwa. Lakini tuitazame Tallinn tena. Huko, wakati wa kiangazi chao, meli kubwa hushusha maelfu ya watu wanaokaa saa chache na kuondoka, na mitaa ya kale imejaa maduka ya vikumbusho kuliko nyumba za wenyeji. Mji ukitegemea mgeni wa saa tatu, mwisho hujipamba kwa ajili yake na kusahau waliouzaa. Dawa ya jambo hilo ni moja: wenyewe wawe wengi kuliko wageni.

Kwa watakaokwenda, tuna maneno machache. Msikiti ni msikiti hata ukiwa gofu, na kaburi ni kaburi. Ingieni kwa adabu kama mnavyoingia nyumbani kwa mzee. Salimieni watu wa kijiji kabla ya kuanza kupiga picha. Msiokote kigae wala sarafu, kwa kuwa tangu mwaka 1964 nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale, na kigae kilichotolewa mahali pake hakisemi tena kitu. Msiandike majina yenu ukutani. Ulizeni maswali mengi. Mkiweza, vukeni pia mpaka Songo Mnara, mkaone nyumba na misikiti iliyosimama katika upweke wake.

Na mkirudi, msinyamaze. Kila mtu aliyekwenda na awaeleze wenzake kumi, katika tawi, kiwandani, kanisani, msikitini au shambani. Mwalimu na awaandikishe wanafunzi walichokiona. Kisha ulizeni swali la pili, lililo karibu zaidi na nyumbani: wazee wa Ifakara na Mahenge wanaoyakumbuka masimulizi ya babu zao juu ya mwaka 1905, nani ameyaandika maneno yao? Magofu ya Kilwa yamekuwa yakingoja kwa miaka 500, na yaweza kungoja mavuno ya mwaka huu yakapita. Wazee hawawezi. Basi akiba ya safari ianze kuwekwa mwezi huu, na daftari la masimulizi lifunguliwe wiki hii.